Masika ya Shimoni, Msimu wa Kufungua Rili

Upepo wa kusi ukishashika, kuanzia Aprili, Mkondo wa Pemba si mahali pa mashua ndogo. Mawimbi huja yamesimama, mvua ya masika hufunika upeo wote, na wageni wanaokodi mashua kwa uvuvi wa rodi huwa wameshaondoka. Msimu wao ni wa Agosti hadi Machi, nduwaro, jodari na felusi wanapopita kwenye maji marefu kati ya pwani ya Kwale na kisiwa cha Pemba. Baada ya hapo mashua huvutwa nchi kavu, injini hufunguliwa, na rili, vile vyombo vya kukunjia mshipi kwenye rodi, zilizofanya kazi miezi yote hiyo huletwa mezani.

Nilichagua kwenda Shimoni wakati ambao wengine huukimbia. Matumbawe ya Kisite nimeshayaona, na bahari shwari ya kaskazi naijua. Safari hii nilimtaka fundi mwenye nafasi. Msimu ukiwa umepamba moto baharia haketi. Akirudi jioni hupangusa rili, na alfajiri anatoka nazo tena. Ni wakati wa masika tu zinapofunguliwa hadi skrubu ya mwisho. Nilitaka kukaa kando ya anayezifungua, nitazame, nishike, nijaribu, ili yangu niihudumie mwenyewe nyumbani Mombasa kila mwaka.

Rili yenyewe ni Penn Senator, saizi ya 6/0, yenye vifuniko vyeusi vya bakelaiti na pete za chuma pembeni. Niliinunua kwa mtu wa Mtwapa aliyekuwa akiuza vyombo vyake vya bahari. Kampuni ya Penn ilianzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932 na Otto Henze, mhamiaji kutoka Ujerumani, na Senator ikatoka mwaka 1936. Tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana, ndiyo maana vipuri vyake bado hupatikana na ndiyo maana mabaharia wengi wa pwani wameanza kazi na hiyo. Si nyepesi, na haina urembo wowote. Naipenda kwa sababu imeundwa ifunguke: inataka bisibisi, spana ndogo na mtu aliyetulia.

Yangu ilikuwa imeanza kulalamika. Nikizungusha mkono wake nilihisi kitu kikikwaruza ndani. Nikivuta mshipi kwa vidole ulitoka kwa kusitasita, unakwama, unaachia, unakwama tena. Hiyo ni dalili ya breki mbovu, na kwa maoni yangu mwenye breki mbovu hana haki ya kumtupia ndoana samaki mkubwa. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye breki.

Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni kama kilomita 75 kuelekea kusini. Nilivuka Likoni kwa feri, nikapanda matatu ya Lunga Lunga, rili nimeizungushia leso ndani ya mkoba niliopakata. Ukunda yalikuwa manyunyu. Msambweni ikawa mvua kamili. Tulipofika Ramisi, penye mashamba ya miwa, dereva alikuwa akifuta ukungu wa kioo kwa gazeti huku akiendesha kwa mkono mmoja. Nilishuka Kanana, nikachukua bodaboda kwa kipande cha mwisho, barabara inayoshuka taratibu hadi inapoishia baharini. Hapo ndipo Shimoni: gati, samaki wa asubuhi, msikiti, mibuyu, na kisiwa cha Wasini ng'ambo ya mlango mwembamba wa maji.

Mgeni akifika huonyeshwa mapango ya matumbawe ambamo husimuliwa kwamba watumwa walifungiwa wakingoja majahazi, na magofu ya siku za Imperial British East Africa Company, mwishoni mwa karne ya 19. Wapenzi wa uvuvi hutajiwa pia mwandishi Ernest Hemingway. Alifika kwenye kambi ya uvuvi hapa mwaka 1954, muda mfupi baada ya kunusurika ajali mbili za ndege zilizofuatana huko Uganda, na akiwa bado na majeraha akaungua tena katika moto wa kichaka. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobeli. Wakati huo Senator ilikuwa tayari na miaka 18 sokoni. Haya yote niliyapita haraka, maana nilikuwa nangojewa.

Fundi wangu ni baharia mstaafu. Alianza na kufunga chambo akiwa kijana, akamaliza akiwa nahodha, na sasa wanawe ndio wanaotoka baharini. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la makuti, mbele ya meza aliyoitandika shuka jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Usiifungue bado."

Aliipokea rili, akaiweka karibu na sikio, akauzungusha mkono wake polepole. Akavuta mshipi kidogo. Akapitisha ukucha kwenye ufa kati ya ngoma inayobeba mshipi na kifuniko cha upande, akautazama ule ukucha.

"Hii imeoshwa kwa bomba," akasema. "Tena bomba la presha."

Ilikuwa kweli. Yule aliyeniuzia aliwahi kunieleza kwamba kila akirudi kutoka baharini aliimwagia mashua na kila kilichomo maji ya mpira kwa nguvu zote, na alidhani hiyo ndiyo huduma. Mzee alinionyesha tatizo kwa kidole. Maji ya bahari yakirukia rili hubaki juu yake. Chumvi hukauka kwenye ngozi ya nje, na ikiondolewa jioni hiyo hiyo haidhuru kitu. Bomba la presha huichukua chumvi hiyo na kuisukuma kwenye nafasi nyembamba, hadi kwenye gia na washa za breki. Maji yatakauka siku moja, lakini chumvi haiondoki, nayo huvuta unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu haikosi unyevu hata siku moja. Ndani humo shaba inagusana na chuma, chuma na aluminiamu. Metali mbili za aina tofauti zikilowa maji ya chumvi huwa betri ndogo, na iliyo dhaifu kati yao huliwa. Kwenye shaba utaona ukoga wa kijani, kwenye aluminiamu unga mweupe, kwenye springi kutu ya kahawia.

Watu wa huku wanayajua maji kuliko sisi wa mjini. Wasini hakuna mto; kwa vizazi vingi watu wameishi kwa mvua inayokusanywa kwenye majabia na mabirika, na visima vingi vya ukanda huu wa matumbawe vina maji ya chumvichumvi. Hakuna anayemwagia rili maji matamu kwa bomba. Jioni baharia hukaza kwanza nyota ya breki, ile nati yenye pembe kama za nyota iliyo kando ya mkono wa rili, washa zibanane na maji yasipenye. Huchovya kitambaa kwenye maji matamu, hukikamua, hupangusa rili kote, hukisuuza, hupangusa tena. Kisha huilegeza nyota na kuiacha rili kivulini penye upepo. Kazi yote haimalizi hata jagi moja la maji. Uhaba umewafundisha njia iliyo bora kuliko ya wenye mabomba, na tangu siku ile mimi sijui nyingine.

Masika nayo ina faida yake. Chini ya mabati ya nyumba kulikuwa na ndoo zimepangwa mstari, na mzee aliniambia nisiguse maji ya kisima kwa kazi hii, maana kusuuza rili kwa maji ya chumvichumvi ni kuirudishia ugonjwa tunaouondoa. Maji ya mvua hayaachi chembe.

Mezani kulikuwa na trei tupu ya mayai, mswaki wa zamani, kopo la mafuta ya taa, bakuli la siki, chupa ndogo ya oili ya cherehani, grisi ya baharini ya bluu na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi. Simu yangu pia aliitaka, kwa picha. Kila hatua piga picha kabla ya kuondoa kitu, aliagiza, kwa sababu mkono husahau na picha haisahau.

Katika vyote hivyo, naona trei ya mayai ndiyo yenye thamani kubwa. Kila kinachotoka huingia kwenye shimo lake kwa zamu, na kazi ya kurudisha huanzia mwisho kuja mwanzo. Skrubu za kifuniko hazilingani: zinazoshika kitako cha rili si sawa na zinazoshika nguzo zake, na ukizibadilishana unaweza kuua uzi wa skrubu kwa mzunguko mmoja wa bisibisi. Bisibisi nayo iwe inajaza mfereji wa skrubu sawasawa. Nyembamba hupanda juu na kuula mfereji, na skrubu iliyoliwa mfereji ni balaa la alasiri nzima.

Tulianza na mkono wa kuzungusha: skrubu ndogo ya kufungia nati, nati yenyewe, mkono. Ikafuata nyota ya breki na kibomba kilicho nyuma yake. Halafu skrubu za ukingo wa kifuniko cha kulia, moja baada ya nyingine, huku kiganja changu kikiishikilia ngoma isianguke. Skrubu moja iligoma kabisa. Mzee hakuilazimisha. Aliidondoshea mafuta ya taa, akagonga kitako cha bisibisi mara kadhaa kwa ubao, akaniitia chai ya tangawizi. Tulipomaliza vikombe skrubu ikatoka, uzi wake mweupe kwa ule unga wa aluminiamu. Tangu hapo nikajua kwa nini kila skrubu inayorudi hupakwa grisi kidogo kwenye uzi wake: grisi huzitenga metali mbili, na mwakani skrubu itatoka bila ugomvi.

Kifuniko kilipotoka na gia zake zote, nilielewa pia sababu ya shuka. Nyuma ya gia kubwa kuna kidole kidogo cha chuma kinachozuia mkono usizunguke kinyume, na kidole hicho husukumwa na springi ndogo sana, yenye hamu ya kuruka. Mzee alitoa ncha mbili za shuka mezani, moja akaichomeka kiunoni mwake na nyingine kiunoni mwangu. Springi ikaruka, kama alivyosema, ikaangukia kwenye kitambaa cheupe kati yetu. Sakafuni tungeitafuta hadi magharibi.

Ndani kulikuwa kubaya. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda, nyeusi, imechanganyika na chumvi na chembe za mchanga. Huo ndio uliokuwa ule mkwaruzo. Meno ya gia, bahati nzuri, yalikuwa mazima. Kila kipande cha chuma na shaba kilitiwa kwenye mafuta ya taa, kikasuguliwa kwa mswaki, kikaoshwa kwa sabuni ya maji vuguvugu, kikasuuzwa kwa maji ya mvua na kukaushwa. Petroli mzee haitaki karibu na meza yake, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya mvuke wake. Ukoga wa kijani ulipewa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika chache tu, kisha mswaki. Siki ikikaa mno huanza kuila na shaba yenyewe.

Tukafika kwenye breki, na hapa naomba msomaji avumilie, maana hapa ndipo penye moyo wa rili. Ndani ya gia kubwa kuna washa zilizopangana kama chapati kwenye sahani, ya chuma, ya kaboni, ya chuma, ya kaboni. Washa za chuma nusu zimeshikana na gia na nusu zimeshikana na mhimili wa mkono. Ukikaza nyota, unazibana. Samaki akivuta kuliko ulivyobana, zinateleza moja juu ya nyingine, na mshipi hutoka bila kukatika. Kuteleza huko kukiwa laini, samaki anachoka na mshipi unapona. Zikiwa na chumvi, mafuta yaliyooza au kutu, hushikana kwanza na kuachia baadaye, na ule mpigo wa kushikana, uzito wa nduwaro anayekimbia ukiwa nyuma yake, ndio unaokata mshipi.

Mshipi ukikatika mvuvi hupoteza siku. Samaki anaondoka na ndoana mdomoni na mita nyingi za nailoni nyuma yake, na nailoni haiozi upesi baharini. Siku hizi nduwaro wengi wanaovuliwa kwa rodi kwenye pwani ya Kenya hupachikwa alama yenye namba na kuachiliwa. African Billfish Foundation, iliyo Watamu, hukusanya taarifa za alama hizo, na akivuliwa tena mbali hujulikana alikotoka. Kazi hiyo inadai pambano fupi na safi. Anayevutwa muda mrefu kwa breki isiyoaminika hufika ubavuni mwa mashua akiwa amekwisha, na kumwachilia ni kumtupa. Kwa hiyo kila ninapoona mtu anajisifia samaki aliyemwachilia, natamani nimuulize mara ya mwisho alifungua rili yake lini.

Washa zangu za kaboni zilikuwa nzima lakini zimelowa grisi ya kawaida, ambayo mtu fulani aliijaza humo kwa nia njema. Grisi ya magari, mzee alisema, ikipata joto la kuteleza huwa maji, ikipoa huganda, na breki hubadilika tabia katikati ya pambano. Kaboni huwekwa kavu, au hupakwa utando mwembamba mno wa grisi iliyotengenezwa kwa breki za rili, kisha hupanguswa hadi ibaki kung'aa tu. Tulizisafisha, tukakagua kama zimepinda kwa kuzilaza juu ya kipande cha kioo, tukazirudisha kwa mpangilio wa picha.

Akiwa anazipanga alinionyesha viganja vyake. Kabla ya kupanda mashua za kukodi alivua kwa mshipi wa mkono, kama walivyovua baba zake na kama wanavyovua bado wengi wa Wavumba, wenyeji wa hapa. Mvuvi wa mshipi hana rili. Breki ni vidole vyake, amevivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, na huachia au kubana kwa kuhisi. Makovu yake yalikuwa meupe, yamekata viungo vyote viwili vya kidole cha shahada. Nilikumbuka kwamba hata rili za wazungu zilikuwa hivyo mwanzoni: kipande cha ngozi kilichobanwa na dole gumba juu ya ngoma, na mkono wa rili uliozunguka kinyume kwa kasi samaki alipokimbia, ukavunja vidole. Aliyebadilisha mambo ni William Boschen. Mwaka 1913, karibu na kisiwa cha Catalina huko California, alimvua kwa rodi na rili samaki wa upanga wa kilo zaidi ya 160, wa kwanza kuvuliwa kwa njia hiyo, akitumia rili yenye breki ya ndani iliyotengenezwa na Julius vom Hofe wa Brooklyn. Nyota iliyo kwenye Senator yangu ni uzao wa rili ile. Mzee alisikiliza habari hiyo kwa makini, akasema Boschen alikuwa amesikia uchungu wa vidole, asingefikiria vinginevyo.

Kulainisha ni kazi ya kiasi. Gia hupewa grisi ya baharini kwenye meno, ya kuonekana, isiyojaa. Mahali mhimili wa ngoma unapokaa hupewa tone moja la oili nyepesi kila upande. Oili ya cherehani inatosha, inauzwa kila duka la vifaa vya kushona, na mzee ameitumia maisha yake yote. Vile vikopo vya kupulizia vya kulegeza kutu si vilainishi. Huosha grisi iliyopo na kuiacha rili kavu baada ya siku chache. Mafuta ya nazi nayo yakae jikoni: yakikaa hewani huvunda na kunata, na vijana wengi wameziziba rili kwa kudhani wanazipenda. Nilimuuliza aliyajua wapi haya. Akasema ukoo wake ni wa majahazi. Babu zake, chombo kilipokaa pwani wakati wa kusi, walikiegemeza, wakakikwangua, wakakipiga kalafati, wakapaka sifa, yaani mafuta ya papa, juu na deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, chini, na hawakuchanganya kamwe cha juu na cha chini. Kila sehemu ina mafuta yake. Kijana aliyekulia katika kazi hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba gia na breki hazili chakula kimoja.

Kabla ya kufunga, tuliutoa mshipi wote kwenye ngoma. Hili wengi hawalifanyi, na nadhani ni kwa sababu ya uvivu tu. Chini ya mamia ya mita za nailoni, penye giza, kulikuwa na ganda jeupe la chumvi limeikalia ngoma, na mahali pawili lilikuwa limeanza kuila. Tuliisugua, tukaikausha, tukafunga mshipi mpya.

Kisha mzee akaleta mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Mshipi wangu ni wa ratili 50, kama kilo 23. Kanuni ya wavuvi ni kubana breki hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kilo 7 na nusu. Nilifunga ncha ya mshipi kwenye ndoano ya mizani, akauvuta polepole akitazama mshale, nikaigeuza nyota hadi ukasimama kwenye saba na nusu, na haukutikisika. Mara ya kwanza tangu niimiliki, rili ile ilitoa mshipi bila kusita.

"Sasa sikiliza," akasema. "Hiyo saba na nusu ni ya ngoma iliyojaa."

Akaniwekea hesabu ambayo ningepaswa kuifundishwa shuleni. Samaki akikimbia, ngoma inapungua unene. Nguvu ya kubana ndani haijabadilika, lakini mshipi sasa unavuta karibu na mhimili, kwa hiyo unahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Kipenyo kikifika nusu, kilo 7 na nusu zimekuwa 15. Kikifika theluthi, ni 22 na nusu, na mshipi wa kilo 23 uko ukingoni kabla hujahesabu uzito wa maji unaouvuta ukiwa umepinda baharini. Ndiyo maana nahodha mzoefu hulegeza nyota samaki anapokwenda mbali, wakati mgeni, kwa hofu, hukaza. Tulijaribu kwa kuutoa mshipi nusu uani, kuku wakitukimbia, na mizani ikathibitisha: mshale ulipanda bila mtu kugusa nyota.

Nilirudi Mombasa na mvua ile ile. Nyumbani nina rili nyingine, ndogo, ya kuvulia miambani, ya aina ambayo ngoma yake haizunguki bali mshipi huzungushwa na waya. Niliifungua mwenyewe kibarazani, kwa trei ya mayai na shuka la kitanda. Mambo mengi ni yale yale, ila hapa kuna kiviringio kidogo kwenye ule waya, mahali mshipi unapopinda, na hicho kikikwama mshipi husagika hapo hapo. Kilikuwa kimekwama. Mafuta ya taa, mswaki, tone moja la oili, kikazunguka. Beringi zake niliziosha kwa njia ile ile na kuzizungusha juu ya penseli kuzisikiliza. Ya kushoto bado inalia kidogo.

Zipo ambazo sitazigusa. Rili kubwa za wenzo, ambazo breki yake hupimwa kwa wenzo badala ya nyota, zina mpangilio wa springi na vipimo unaotaka mtu aliyefundishwa, na wenye mashua huzipeleka kwa mafundi. Sioni aibu katika hilo. Lakini rili ya nyota na rili ya mwambani ziko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye meza, mwanga na alasiri moja, na ningependa kila anayenunua rili pwani hii aanze kwa kuifungua.

Mzee ana daftari la mistari, la shule, lililojaa miaka mingi ya rili za watu: tarehe, mwenye rili, kilichobadilishwa, kilichobaki. Nami nimenunua langu. Ukurasa wa kwanza unasema: Senator, washa za kaboni zimesafishwa, springi moja mpya, mshipi mpya ratili 50, breki kilo 7 na nusu ngoma ikiwa imejaa. Chini yake: rili ya mwambani, beringi ya kushoto ibadilishwe kabla ya Agosti.